Mwenyeji wa Kilosa ni Nani

Tarehe 29 Novemba 1884, huko Msovero katika nchi ya Usagara, Mangungo alitia alama yake chini ya karatasi iliyoandikwa Kijerumani. Mgeni wake alikuwa Karl Peters, kijana wa miaka 28 aliyeingia Unguja mwanzoni mwa mwezi huohuo na wenzake wachache, wakavuka hadi Saadani na kupanda bara haraka kabla habari zao hazijaenea. Mkalimani aliitwa Ramazan. Karatasi ilimpa Mangungo cheo cha sultani, kisha ikasema kwamba sultani huyo anaitoa nchi yote ya Msovero, aliyoirithi au kuipata kwa njia nyingine yoyote, itumiwe na Wajerumani milele. Chini kabisa ikaongezwa kwamba Mangungo, alipoulizwa waziwazi, alijibu kuwa hayuko chini ya Sultani wa Zanzibar na wala hajui kama mtu huyo yupo.

Jibu hilo linafaa kusomwa mara mbili. Nchi ya Usagara ilikuwa imepitiwa na misafara ya pwani kwa miaka mingi. Nguo za merikani, shanga na bunduki zilizofika kwa wakuu wa bara zilitoka Unguja, na kila mpagazi alijua hivyo. Je, mkuu wa mji katika nchi kama hiyo hajawahi kusikia habari za Zanzibar? Peters alihitaji mtu asiye chini ya yeyote, maana aliye chini ya Sultani hana nchi ya kutoa, kwa hiyo karatasi ikamtengeneza mtu wa namna hiyo. Hata hivyo haikufanikiwa sawasawa, kwa kuwa ndani ya hati hiyohiyo kimo kifungu kinachokiri haki za mkubwa mwingine, Mwenyi Sagara. Siku chache baadaye Peters alimfuata na huyo, akapata alama ya pili. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa mataifa makubwa kufungwa Berlin, Kaisari alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Peters juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Sultani Barghash alipinga. Agosti mwaka huo meli za kivita za Wajerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, na upinzani ukaisha.

Leo jina la Mangungo limekuwa kejeli. Bungeni na vijiweni, mkataba wowote unaodhaniwa kuwa wa hasara kwa nchi huitwa mkataba wa Chifu Mangungo. Mimi naona mzee huyu ameonewa. Kwa Wasagara, kama kwa majirani zao Wakaguru na Wavidunda, ukoo hufuata upande wa mama, na ardhi ilikuwa chini ya koo. Ukoo wenye eneo ndio uliofanya matambiko ya mvua na ya mashamba, na mgeni akitaka pa kulima aliwaendea hao. Alipeleka zawadi, akaonyeshwa mahali, akajenga. Pengine alioa hapohapo, na watoto wake wakahesabiwa katika ukoo wa mama yao, yaani wakawa wa pale kabisa. Mkuu aliyempokea alikuwa na uwezo wa kumkaribisha mtu, lakini hakuwa na uwezo wa kuiondoa ardhi mikononi mwa ukoo, hata angetaka. Kwa desturi anayoijua yeye, Mangungo alimkaribisha mgeni. Kutofautisha kukaribisha na kuuza ilikuwa kazi ya Ramazan, na hatuna sababu ya kuamini kwamba aliifanya.

Kiswahili kina majina mengi ya mtu aliyepo mahali. Mkazi anakaa. Mzawa amezaliwa hapo. Raia ana serikali, na mwananchi ana nchi. Mwenyeji ana mji, na kwa sababu ana mji anaweza kupokea wageni. Hayo mengine mtu anaweza kuwa nayo peke yake, lakini mwenyeji anahitaji mgeni wa kumthibitisha. Katika Kilosa, wilaya ambamo Msovero imo leo, tangu siku ile watu wamegombania jina hilo kuliko mengine yote.

Kabla ya Peters jina halikuwa na ugomvi mkubwa, kwa kuwa wapitaji walikuwa wapitaji. Stanley alivuka bonde la Mkata mwaka 1871 wakati wa masika, akiwa njiani kumtafuta Livingstone, akatoka ndani ya tope hadi Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, hoi yeye na watu wake. Kila msafara ulitoa hongo. Hongo zama hizo ilikuwa ada ya kupita katika nchi ya mtu, inayojulikana na kujadiliwa hadharani, na kuitoa kulikuwa kukiri kwamba hapa pana mwenyewe. Wengine katika misafara hawakufika walikokuwa wakienda. Wanyamwezi waliougua njiani, watu wa pwani waliopata mke au biashara, watumwa waliotoroka, wote walibaki kandokando ya mto Mkondoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mfaransa mmoja, Kapteni Bloyet, alifungua kituo mahali paitwapo Kondoa, karibu na Kilosa ya leo. Mwaka 1892 Wahehe wa Mkwawa wakaivamia Kondoa na kuwamaliza askari wa Kijerumani waliokuwa wamekuja baada yake. Mji mdogo namna hiyo, na tayari Wasagara, Wanyamwezi, watu wa pwani, Mfaransa, Mjerumani na Mhehe wamekwisha kuukanyaga.

Kisha ikaja reli. Iliondoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Kilosa, ikaingia Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mwaka ule reli ilipoanza ndipo vita vya Maji Maji vilipolipuka, na moto wake ukafika Usagara na Vidunda. Mwenye viwanda vya nguo kutoka Württemberg, Heinrich Otto, alifungua shamba kubwa la pamba Kilosa, na ndipo tatizo la karne nzima lilipojitokeza: ardhi ilikuwapo, wa kuilima hawakutosha. Wasagara walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kwenda kulima ya Otto. Watu wakatafutwa mbali, hasa Unyamwezi na Usukuma. Waingereza walipoiteka Kilosa Agosti 1916, walirithi mashamba na tatizo lake.

Walirithi pia haja ya kujua nani ni nani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, chini ya Gavana Donald Cameron, walitawala kwa kupitia wakuu wa makabila. Wilaya ikakatwa vipande: Ukaguru kaskazini, Usagara katikati, Vidunda kusini, kila kipande na mkuu wake, baraza lake na mahakama yake. Kwenye ramani ilipendeza. Chini ya ramani hapakuwa na kijiji cha kabila moja tupu. Mkamba aliyelima Ukaguru, na Mparakuyo aliyechunga ng'ombe hukohuko tangu enzi za baba zake, wote sasa walijikuta ndani ya nchi ya mtu mwingine, wakilipa kodi na kushtakiwa katika baraza lisilo lao. Hawakuwa wamehama hata hatua moja. Ugeni uliwafuata walipokaa.

Mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas Beidelman, aliyeishi Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, ameandika habari za vuguvugu lililoitwa Umwano. Wakaguru walijikusanya dhidi ya wageni, hasa Waparakuyo, kwa madai ya wizi wa ng'ombe na dharau. Beidelman huyohuyo aliwakuta Wakaguru na Waparakuyo wakinywa pombe pamoja kilabuni na kupigana kilabuni humohumo, jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia kijijini halimshangazi. Ninachokiona mimi ni wakati wenyewe. Uhuru ulikuwa unabisha hodi, na kila mtu alitaka awe amekaa kwenye kiti cha mwenyeji mlango utakapofunguliwa.

Lakini jeshi kubwa la wageni wa Kilosa halikuja na ng'ombe. Lilikuja kwa treni na malori, kwa mkataba. Kimamba, Rudewa, Msovero na bonde zima lilijaa mkonge, na mkonge unakula watu: kupanda, kupalilia, kukata majani yenye miiba, kuyafunga matita, kuyapeleka korona yakakwanguliwe, kuanika singa, kufunga marobota. Waajiri wa mkonge waliunda shirika lao la kuajiri mwaka 1944, likaitwa SILABU, likapeleka mawakala Kigoma, Songea na nyanda za juu za kusini, na watu walitoka pia Ruanda-Urundi na Msumbiji. Waha, Wangoni, Wabena, Wamakonde, Warundi. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kutoka kwenye namba hiyo likatoka jina lao wote: manamba. Jina la kabila lilibaki kambini kwa matumizi ya ngoma na ugomvi. Ofisini na kwa mnyapara mtu alikuwa tarakimu na kipande chake, kadi yenye nafasi 30 za siku za kazi. Siku ambayo hukumaliza kazi uliyopimiwa haikuandikwa, na mwezi wako ukawa mrefu kuliko mwezi wa kalenda.

Mkataba ulisema manamba atarudi kwao, na wengi walirudi kweli. Waliobaki wakawaendea wazee wa vijiji jirani kwa njia ileile ya zamani, ya zawadi na ombi, wakapewa pa kulima mahindi na mtama. Walioa. Watoto wao walizungumza Kiswahili kabla ya lugha ya baba, na mara nyingi lugha ya baba hawakuijua kabisa. Ukipita Kimamba leo, mjukuu wa Mmakonde au wa Mha atakuambia yeye ni wa Kimamba, na ukimuuliza kwao hasa ni wapi atakutazama kama mtu asiyejua adabu. Utani nao ulisaidia. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana wana ruhusa ya kutukanana na kunyang'anyana hata mbele ya jeneza, ni urithi wa enzi za misafara, na mtu mwenye mtani mahali hawezi kuitwa mgeni kabisa mahali hapo. Sheria za serikali hazijawahi kubuni kitu chenye nguvu ya namna hiyo.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili nani atakuwa raia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alikataa kwa maneno makali, akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kupima uraia kwa rangi. Sheria ikapita kama alivyotaka: aliyezaliwa Tanganyika, na mzazi wake mmojawapo akiwa amezaliwa humo, akawa raia siku ya tarehe 9 Desemba. Historia hukumbuka mjadala huo kwa sababu ya Wahindi na Wazungu. Mashambani Kilosa ulikuwa na maana nyingine. Mtoto wa manamba wawili waliotoka ng'ambo ya mpaka, aliyezaliwa kambini, hakuingia moja kwa moja katika kipimo hicho, ijapokuwa jirani yake wa kambini, mtoto wa Mngoni, aliingia bila kuulizwa. Wote wawili mikono yao ilichomwa na miiba ya mkonge uleule.

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na sensa ikawauliza Watanzania makabila yao kwa mara ya mwisho. Tangu hapo swali hilo halimo katika dodoso. Sensa huhesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia siku yake, na dereva wa lori aliyelala gesti ya Mikumi anaingia katika idadi ya Mikumi. Mwaka 2012, kwa hesabu hiyo, wilaya ya Kilosa ilikuwa na watu 438,175, Gairo ikiwa imekwisha kutengwa. Wangapi kati yao ni wenyeji? Sensa haina safu ya jibu hilo.

Mikumi yenyewe inahitaji maneno yake. Jina lilitokana na mikumi, ile miti ya jamii ya minazi inayosimama peke yake kwenye mbuga. Hifadhi ya Taifa ilitangazwa 1964, ikapanuliwa 1975, na sasa ina kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia inaikata katikati, na dereva akimgonga mnyama anatozwa faini kulingana na aina ya mnyama huyo. Mji mdogo wa Mikumi, upande wa magharibi wa hifadhi, ni mji wa barabara: gesti, nyama choma, gereji, na watu wa kila kabila waliofuata malori au treni ya Kidatu. Wavidunda, wenye milima iliyo juu yake, ni kundi mojawapo tu sokoni hapo.

Ndani ya mipaka ya hifadhi jina la mwenyeji lilipewa wanyama. Sheria ya hifadhi za taifa haimruhusu mtu kuishi humo, wala kuingia bila kibali, na aliyezoea kupita akitafuta asali au ukindu akawa mhalifu bila kubadili njia yake. Shirika la hifadhi lilipotaka kurekebisha uhusiano na vijiji vinavyopakana nalo, lilianzisha mpango wa kujenga madarasa na zahanati uitwao Ujirani Mwema. Ni mpango wenye faida, sikatai. Lakini ukiitwa jirani wa mahali umeambiwa pia kwamba hapo si pako. Tembo akitoka usiku na kumaliza shamba la mahindi, mwenye shamba huomba serikalini kifuta jasho. Akiua mtu, familia huomba kifuta machozi. Hayo ndiyo majina rasmi ya malipo hayo, na sijui kama kuna serikali nyingine duniani iliyowahi kuyapa malipo yake majina ya kweli kiasi hicho.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 niipite haraka, kwa kuwa Kilosa ilifanya kama ilivyofanya kwingine: iliwahamisha watu, ikawapanga kwa mistari, na kwa muda kila mtu akawa mgeni sawa na mwenzake. Kilichobaki baada yake ndicho cha maana. Kijiji chenye mipaka na cheti cha usajili kikawa ndicho mwenye ardhi, na kila kundi likatambua kwamba asiye na kijiji hana kitu. Waparakuyo na Wamaasai walipata vijiji vyao, Twatwatwa, Parakuyo, Mabwegere na vingine. Mashamba ya mkonge yaliyokufa yaligeuka vichaka, wakulima wakaingia, na wafugaji nao wakaingia. Wasukuma na Wabarabaig walizidi kufika na makundi makubwa ya ng'ombe, hasa baada ya kuondolewa bonde la Ihefu kuanzia 2006. Ng'ombe anapoingia katika mahindi hajui cheti cha usajili.

Tarehe 8 Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika shambulio la wafugaji dhidi ya kijiji cha wakulima. Wengi wa waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Habari zilienea nchi nzima, na pamoja nazo ikaenea lugha: upande mmoja wakaitwa wenyeji, upande wa pili wavamizi. Hakuna neno la kulainisha mauaji yale, wala silitafuti. Lakini Rudewa ni nchi ya mkonge. Baba au babu wa wengi walioitwa wenyeji siku ile alishuka kwenye treni akiwa na namba, wakati Waparakuyo walikuwa wakichunga katika wilaya hii kabla reli haijafika. Neno lilitumwa kazi ya upelelezi, likarudi na jibu lililotakiwa. Mwaka 2009 operesheni ya kuondoa mifugo Kilosa ilifuata mgawanyo huohuo. Ng'ombe walitolewa kwa wingi, wafugaji wakalalamika kutozwa faini na kupoteza mali, na ikawa vigumu kumtofautisha aliyefika juzi na aliye na kijiji chenye cheti.

Sheria, kwa haki yake, haijasema kwamba mwenye haki ni aliyetangulia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamtambua mwanakijiji kuwa mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Na halmashauri huchaguliwa na hao wanakijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi yumo katika mkutano mkuu wa kijiji, bila kuulizwa kabila wala mahali alipozikwa babu yake. Kinachohitajika ni kuandikwa, na anayethibitisha kwamba unakaa hapo ni mwenyekiti wa kitongoji, ambaye naye amechaguliwa na walioandikwa. Ukimkosea mtu huyo, barua ya utambulisho utaisubiri.

Kwa uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, wakazi waliandikishwa vitongojini kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Mkulima wa Rudewa wakati huo yuko nyumbani, anasafisha shamba akingojea vuli. Mfugaji wa Twatwatwa, Oktoba ikiwa mwisho wa kiangazi, mara nyingi yuko mbali na boma lake, amewafuata ng'ombe kwenye maji.